Mkanda Uliofunga Banda la Kuku

Mimi nauza dawa. Duka langu liko mjini Morogoro, si mbali na Msamvu, na kazi yangu kubwa, ukiacha kuwasikiliza watu wakinieleza maumivu ya mgongo, ni kuangalia tarehe. Kila boksi linaloingia naligeuza nisome muda wake unaisha lini. Dawa isiyo na tarehe siiweki rafuni hata kama aliyeileta anaapa kwa jina la mama yake. Tabia hii imenifuata mpaka nyumbani. Nikialikwa kwa watu nageuza chupa za sosi. Kwenye sherehe moja ya ubatizo nilikamatwa nikigeuza kopo la maziwa ya unga la wenyewe, na mama wa mtoto akaniambia nikae chini nile pilau kama wenzangu.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini gari la mjomba lilininyima raha.

Mjomba, kaka yake mama yangu, alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mrefu. Aliishi Kinole, huko juu milimani, alikooa akiwa kijana na asirudi tena kuishi kwetu. Kwa sisi Waluguru hilo si jambo la ajabu. Mwanamume anaweza kwenda kuishi kwa watu wa mke wake, akalima ardhi yao, akajenga juu yake, na watoto wakawa wa ukoo wa mama yao. Lakini kile alichokitafuta kwa jasho lake mwenyewe, akishakufa, hutazamwa na upande wa dada zake. Kwa hiyo tulipomaliza matanga, wazee wa ukoo wetu walikaa, wakanong'onezana, wakakohoa, kisha wakatangaza kwamba shamba na nyumba vinabaki kwa wenyewe na gari linakwenda kwa mpwa. Mpwa huyo ni mimi. Sikuchaguliwa kwa sababu ya akili wala upole, maana vyote viwili havizungumzwi sana ninapotajwa. Nilichaguliwa kwa sababu kati ya wapwa wote ni mimi peke yangu niliyekuwa na leseni ya udereva.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli ambayo weupe wake umebaki kwenye paa tu. Kwa miaka mingi ilishusha machungwa, ndizi, mananasi na mdalasini kutoka Kinole, ikapandisha sukari, chumvi, mabati na wagonjwa waliopata nafuu. Honi yake ina kikohozi kidogo mwanzoni, na watu wa njia nzima mpaka Bigwa wanaijua.

Mke wa mjomba tulizoea kumwita Mama wa Kinole, asichanganywe na mama zetu wengine. Siku wazee walipotoa uamuzi alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Nilipokwenda kumuaga aliniambia tu kwamba breki ya mkono huvutwa mara mbili ndipo ishike, na kwamba mlango wa abiria haupendi kubamizwa. Nikaondoka na gari. Ningependa kusema roho iliniuma, lakini siku ile nilikuwa nawaza zaidi kona moja kali ya njia ya kushukia, juu ya mto.

Huku mjini gari halikuwa na kazi. Maboksi yangu ya dawa huja kwa bodaboda, na mimi mwenyewe naishi hatua chache kutoka dukani. Lilikaa chini ya mwarobaini wa jirani, kuku wakalala chini yake, na tairi moja likaanza kulegea. Nikaamua kuliuza. Sikuona haya kuamua hivyo na sioni hata sasa, kwa sababu gari lisilotembea huoza, na mimi sipendi kuangalia kitu kikioza.

Mnunuzi alipatikana haraka. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga kutoka Dakawa, mtu mpole, viatu vimepigwa rangi, anayesalimia mpaka mtoto wa mpita njia. Alilizunguka gari bila haraka. Akalala chini akachungulia, akasikiliza mashine ikiunguruma, akanusa kijiti cha kupimia oili. Bei tulikubaliana bila kelele. Kisha, mkono ukiwa tayari juu ya boneti, akaniuliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini.

Sikujua. Ndiyo kwanza nilikuwa nasikia kwamba kitu hicho kina tarehe. Akanieleza kwa upole uleule kwamba yeye haogopi gari kuukuu, anaogopa gari ambalo hakuna anayejua umri wa mkanda wake. Akasema nikimpatia jibu atarudi na fedha zake. Nilimpenda yule bwana kwa lile swali. Ni swali ambalo ningeuliza mimi.

Nikalipeleka gari kwa fundi ninayemwamini, gereji ya nyuma ya Msamvu. Alifungua kava la juu la plastiki, akamulika kwa simu, akanionyesha ukanda mweusi wa mpira wenye meno upande wa ndani. Huo, akasema, ndio unaozifanya sehemu mbili za mashine zizunguke kwa mpango mmoja, valvu zikishuka pistoni ziwe zimeshazipisha njia. Ukikatika, kila kimoja kinakwenda kivyake, na kwenye dizeli kama hii vinagongana. Baada ya hapo huna mashine, una chuma chakavu. Nikamuuliza dalili zake ni zipi. Akasema hapo ndipo penye shida, mara nyingi hauna dalili. Haupigi kelele, hautoi moshi. Unaondoka nyumbani mzima, unakatika mlimani.

Basi unabadilishwa lini, nikataka kujua. Akasema wengi hufuata kilometa laki moja au miaka mitano, kinachotangulia. Gari linalopanda milima na mzigo, kwenye vumbi, lisisubiri kufika huko. Oili ikiuvujia, ubadilishwe hata kama ni wa jana. Na usipojua umri wake, uhesabu kwamba umekwisha.

Mita ya kilometa ya gari la mjomba ilikufa zamani. Kwenye dashibodi kuna kitaa kidogo cha kumkumbusha dereva habari ya mkanda, lakini kitaa hicho husoma kilometa, kwa hiyo mita ilipokufa nacho kikalala. Baadhi ya mafundi huandika tarehe kwa wino mzito juu ya kava. Kwenye kava letu palikuwa na alama ya wino iliyooshwa na oili, ikabaki kitu kama mguu wa jongoo. Niliitazama mpaka macho yakaniuma.

Fundi alitaka kuubadilisha palepale. Nikakataa. Nauza gari, nikamwambia, sioni sababu ya kulivalisha nguo mpya linapoondoka; mwenye kununua ameuliza tarehe, nami nitamtafutia tarehe. Akasema sawa, ila nisilipandishe mlimani kabla sijaijua. Nikamwambia nimesikia, na kusikia nilisikia kweli.

Nilimpigia simu Mama wa Kinole. Baada ya salamu za nyumba nzima nikamuuliza kama anakumbuka mkanda wa gari ulibadilishwa lini. Akasema anakumbuka, lakini mambo ya mikanda hayaelezeki kwenye simu, nije nione. Nikamwambia nataka mwaka tu. Akasema nije nione.

Basi Jumamosi moja nikafunga duka nikapanda, na nikapanda na gari lenyewe. Nilikuwa na hoja zangu. Ilikuwa msimu wa machungwa, ningeshuka na chochote kwa ajili ya nyumbani. Na mtu mmoja akishaniambia nisifanye jambo, miguu yangu huwa imeshaanza kwenda. Lakini tangu Kiroka, nilipoiacha barabara ya chini na mlima ukaanza, nilikuwa nimeuma meno. Kila mashine ilipobadili sauti nilihisi ule mkanda shingoni mwangu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni watu. Honi ilipokohoa kwenye kona ya kwanza, wanawake wawili waliokuwa wanashuka na ndizi kichwani walisimama, wakatua mizigo yao pembeni na kuanza kufungua khanga zilizowabana, wakidhani gari limerudi kazini. Waliponiona ni mimi, na kwamba naelekea juu, wakanisalimia wakajitwisha tena. Mbele kidogo mzee mmoja alilisalimia gari kwanza, kisha ndipo akaniuliza habari za mjini. Nilimpa shikamoo yake kupitia dirishani huku mguu wangu ukiwa umekanyaga breki.

Karibu na nyumbani nikakutana na binamu yangu, mtoto wa kiume wa marehemu, anashuka na pikipiki. Nyuma amefunga magunia mawili ya machungwa, mbele ameweka la tatu juu ya tangi, magoti yametanuka, na buti moja linaburuta ardhini kusaidia breki. Zamani yeye ndiye aliyeendesha pikapu baba yake alipozidiwa. Aliposimama alitabasamu, akauliza kama nimekuja salama, wala hakuligusa gari. Alisema anarudi kuchukua mengine, na mengine tena baada ya hayo. Yanayobaki yanaozea chini ya miti, akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Nilimkuta Mama wa Kinole akimenya ndizi. Nikampigia shikamoo, akanipa marahaba ndefu ya kule kwao yenye kupanda na kushuka, akaniambia nimekonda, akaniwekea chakula. Mpaka nilipomaliza kula ndipo akafuta mikono, akasema twende.

Alinipeleka kwanza ghalani, wanakotunza karafuu na mdalasini. Mlango wa ghala ulikuwa umelegea bawaba ya chini, umeshikiliwa na jiwe la ukubwa wa mkate. Alilisogeza jiwe kwa mguu kwa mazoea, tukaingia. Akanionyesha furushi la mdalasini lililobanwa kwa mkanda mweusi wenye meno. Huu, akasema, ndio wa kwanza. Mjomba alitoka nao gereji akamtupia mapajani, akamwambia zawadi yako ya mjini. Ulikuwa mwaka alioolewa binti yao mkubwa. Akanitoa nje mpaka jiko la kuni, akanionyesha benchi ambalo miguu yake imefungwa kwa mkanda wa pili. Huo ulikuja mwaka ambao parokia iliezeka kanisa upya. Kisha tukaenda kwenye banda la kuku. Mlango wa banda haukuwa na bawaba ya chuma. Ulining'inia kwa vipande vya mkanda wa tatu vilivyopigiliwa misumari, na ulifunguka na kufungika bila mlio. Meno ya mkanda yanang'ang'ania ubao, akanieleza, ndiyo maana hauchomoki.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Mjomba, ambaye hakuandika tarehe yoyote maishani mwake, alikuwa ameitawanya historia ya gari lake nyumba nzima, na mke wake aliijua yote. Nikamuuliza huu wa banda ulikuja lini. Akatazama banda, mbao zake bado hazijabadilika rangi vizuri, akasema banda hili walilijenga mwaka juzi baada ya masika. Mwaka juzi. Kwa hiyo mkanda uliokuwa ndani ya gari ulikuwa na miaka miwili tu. Nikahisi ule mkanda ukinitoka shingoni.

Pale kuna mgomba mmoja ambapo mtandao hushika vizuri. Nilikwenda chini yake nikampigia mnunuzi wangu, nikamwambia miaka miwili. Akafurahi, akasema kesho yake baada ya misa atakuja kulichukua gari.

Nilipomwambia Mama wa Kinole kwamba nimelipatia gari mnunuzi, aliitikia kwa kichwa. Akauliza kama ni mtu mwema. Nikasema anaonekana hivyo. Akauliza kama, kwa kuwa nashuka nalo, wanaweza kupakia machungwa yaliyobaki. Ningesemaje. Binamu yangu alikwisharudi, majirani wakaja, wakapakia machungwa, mikungu ya ndizi na mananasi mpaka springi zikalala. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani nikijifanya natafuta kitu kwenye droo, maana nilihuzunika, na huzuni yangu sikutaka itazamwe. Tangu mjomba alipofariki hapakuwa na kitu kilichotuunganisha na nyumba ile isipokuwa lile gari. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wetu kwao. Likienda Dakawa, Mama wa Kinole angebaki na miti iliyojaa matunda na magunia matatu kwa kila safari ya pikipiki, na mimi ningekuwa mpwa wa marehemu anayepiga simu wakati wa Krismasi.

Nikawasha. Nikavuta breki ya mkono mara mbili, nikasubiri mashine ipate moto.

Mama wa Kinole alikuwa amekwenda kufungia kuku ili wasiingie chini ya tairi. Niliona kwenye kioo amesimama mlangoni pa banda, ameinama, anapitisha kidole kwenye ule mkanda. Kisha akaja mpaka dirishani kwangu, akaingiza mkono na kuugusa ufunguo.

"Zima, mwanangu," akasema. "Mkanda ule si wa mwaka juzi."

Nikazima. Akanirudisha bandani akanionyesha. Kando ya kila msumari palikuwa na tundu jingine, tupu, lililokuwa la msumari wa zamani. Banda ndilo jipya, si mkanda. Banda la kwanza liliporomoka na mvua, mjomba akaung'oa mkanda kwenye mlango wa zamani akaupigilia kwenye mpya, na katika ujenzi ule Mama wa Kinole alisahau kabisa kwamba ulikuwa umehama. Mkanda wenyewe, akakumbuka sasa, ulikuja mwaka wa kipaimara cha binti yao wa mwisho. Binti huyo alikuwa darasa la sita wakati ule. Sasa amemaliza kidato cha nne na yuko chuo cha uuguzi.

Nilikaa juu ya gunia. Niliwaza ile kona ya juu ya mto, na machungwa yote yale mgongoni, na mguu wangu kwenye breki. Kisha nikakasirika, na hasira yote nikaipeleka kwa marehemu. Mwanamume mzima anajua matumizi ya kila kipande cha mpira lakini hawezi kuandika mwaka mahali. Nikayasema hayo kwa sauti. Mama wa Kinole aliniacha nimalize. Akasema mwaka uliokuwa wa kubadilisha ndio mwaka alioanza kuumwa, na aliulizia habari za mkanda mara kadhaa akiwa kitandani, na watu wa nyumbani wakawa wanamwambia atulie.

"Nimeshazika mmoja," akaongeza. "Wewe shuka kesho kwa miguu yako, gari libaki."

Chini ya mgomba nilimpigia fundi wangu. Nikamwambia niko wapi na nimefikaje. Hakunisema. Aliuliza tu aina ya mashine, ingawa aliijua. Machungwa yakashushwa, binamu yangu akaanza tena safari zake, na mimi nikalala kwenye chumba cha yule binti wa kipaimara.

Fundi alifika asubuhi kwa bodaboda na mkoba wa vyombo vyake, mkanda mpya ukiwa ndani ya boksi, pamoja na tensha yake, yaani kikazio cha mkanda, na sili mbili za kuzuia oili, kwa sababu alisema ukishafungua mpaka huko ni ujinga kuacha vya zamani. Niliuchukua mkanda nikaugeuza. Ulikuwa umechapwa namba. Nilimuuliza kama ni tarehe, akasema ni namba yake tu ya dukani. Nikamrudishia.

Alifanya kazi uani, kwenye ubaridi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Alitoa feni, akatoa puli kubwa ya chini kwa kuning'inia kwenye mpini wa spana mpaka buti zikaacha ardhi, akatoa makava. Kisha akaizungusha mashine kwa mkono mpaka alama zake zote zikakaa mahali pake, akailegeza tensha, akautoa mkanda wa zamani. Aliukunja tu kinyumenyume, meno nje, mgongo ndani, halafu akaugeuza tena, akatuonyesha. Mgongo ulikuwa umepasuka mistari mistari kama kisigino cha mtu anayetembea peku, na chini ya meno mawili ufa ulikwishaingia mpaka kwenye nyuzi. Binamu yangu alipiga mluzi mdogo. Mimi nilikwenda kusimama mbali kidogo.

Mpya ulipokaa, alizungusha tena mashine kwa mkono, mizunguko miwili, kuhakikisha alama zinarudi zilipokuwa. Zilirudi. Ndipo akaturuhusu kuwasha. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote, na nilishangaa kwamba nilitegemea nyingine.

Kwa kawaida ya gereji zetu, kifaa cha zamani hupewa mwenye gari ili ajue kimebadilishwa kweli. Fundi aliufuta mkanda kwa kitambaa akaninyooshea. Kabla sijaupokea, mkono wa Mama wa Kinole ulikuwa umeshatangulia.

"Huu niliahidiwa," akasema.

Alitueleza akiwa ameukumbatia kifuani na mafuta yake yote. Mjomba alipokuwa mgonjwa alimwambia mkanda uliomo ukitoka ni wa bawaba ya chini ya mlango wa ghala. Ndiyo maana yeye akaweka jiwe badala ya kununua bawaba. Alikuwa amelisogeza lile jiwe kwa mguu kila asubuhi na kila jioni, kabla ya msiba na baada ya msiba, na hata baada ya mimi kuondoka na gari na mkanda ukiwa ndani yake.

Nikamwambia bawaba zinauzwa dukani pale njia panda.

"Najua," akasema.

Hakuwahi kuliulizia gari. Siku ya wazee hakuliulizia, kwenye simu hakuliulizia, jana yake alipougusa ufunguo hakuliulizia. Alichokuwa akikisubiri ni kile kipande cha mpira, na ingawa asingekipata kama gari lingeuzwa Dakawa, hata kwa hilo hakunilaumu. Niliondoka nikaenda kusimama chini ya mgomba, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika hapo, nikampigia mnunuzi wangu. Nilimwambia ukweli: kwamba miaka niliyomtajia ilikuwa ya banda la kuku, kwamba mkanda sasa ni mpya wa leo, na kwamba gari haliuzwi. Akasema amefurahi kwamba nimempigia kabla hajatoka nyumbani. Bado nampenda yule bwana.

Ufunguo nikampa binamu yangu. Alinyoosha mikono yote miwili kuupokea, kisha akairudisha nusu, akauliza wazee wetu watasemaje. Nikamwambia gari ni la ukoo wetu na litabaki kuwa la ukoo wetu, lakini linalala wapi ni shauri langu, na mzee atakayekuwa na neno aje dukani na maumivu yake ya mgongo tuzungumze. Nikachukua kalamu ya wino mzito ya fundi, nikaandika tarehe juu ya kava lilelile kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Juu yake fundi akapaka vanishi isiyo na rangi ili tarehe isioshwe na oili.

"Sharti langu moja," nikawaambia. "Ukitoka huu, nileteeni mimi."

Mama wa Kinole alikuwa ameshapiga magoti mlangoni pa ghala na nyundo, misumari mdomoni. Akaitoa misumari. Akauliza nitafungia nini, mimi mtu wa mjini. Nikasema sijui bado. Akaitikia, akaipigilia misumari yake minne, akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ulijifunga wenyewe.

Binamu yangu alinishusha na mzigo mzima wa machungwa. Kwenye kona ya juu ya mto nilifumbua macho kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kuna maporomoko madogo pale, mazuri tu. Wale wanawake wa ndizi tuliwakuta tena, na safari hii walipotua mizigo yao tulisimama.

Lakini kabla hatujaondoka, wakati nimeshaketi kiti cha abiria na mlango nimeufunga taratibu, Mama wa Kinole alikuja na lile jiwe mikononi. Aliliweka miguuni pangu, akalisogeza kidogo lisinibane.

"Mpaka mkanda wako ufike," akasema, "tumia hili."

Liko dukani kwangu. Limeshikilia mlango ambao hauna tatizo lolote.